Thelathini na Tano Si Jina

Jumatatu, 4 Machi

Mvua ya kwanza ya masika imepiga mchana na umeme umekatika papo hapo. Nipo ghorofa ya nne, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, na chini yangu jenereta za maduka ya vitenge zinanguruma zote kwa pamoja. Betri ya laptop imekwisha, nimechukua kalamu. Ari ametuagiza kila mmoja aandike anachofanya kila siku mpaka tutoe Toleo la Kwanza, ili baadaye ijulikane nani aliamua nini. Alimaanisha tuandike kwenye ukurasa wa kikundi, ambako yeye anasoma. Mimi naandika hapa, ambako hasomi.

Kwa atakayeokota daftari hili: naitwa Hyasinta Ndunguru. Ukindu ni lugha ya kuandikia programu za kompyuta. Aliyeianzisha ni Aristides Mrema, sisi tunamwita Ari, kwenye sebule ya shemeji yake Upanga. Mimi nilikuwa mtu wa pili kujiunga. Sasa tuko saba na yeye ni mwenyekiti. Kazi yangu ni kutunza maktaba sanifu, yaani zile kazi ambazo kila mtumiaji anazikuta tayari ndani ya lugha: kufungua faili, kutuma ujumbe, kusoma saa. Toleo la Kwanza likishatoka, tumeahidi hakuna kitakachobadilishwa humo. Tutakachokosea tutazeeka nacho.

Limebaki eneo moja tu. Makosa.

Jumatano, 6 Machi

Nimejaribu kumweleza dada yangu Vicky kwa simu kinachonikera, akasema nimweleze kama mtu mwenye akili timamu. Basi:

Programu ikiiomba kompyuta kitu na kompyuta ikakataa, kompyuta haisemi sababu. Inarudisha namba. Mbili, ulichoomba hakipo. Kumi na tatu, huruhusiwi. Hadi hapo kompyuta zote zinaelewana. Lakini kompyuta zina koo. Kwenye ukoo mmoja, ule wa mashine za ofisini na vijisanduku vidogo vya kufunga ukutani, kumi na moja ni "sasa hivi siwezi, jaribu tena", na thelathini na tano ni "mmekwamana": programu mbili, kila moja inangoja mwenzake aachie, na hakuna atakayeachia. Kwenye ukoo wa pili, ule wa laptop za bei mbaya ambazo vijana wote wa mjini wanazitamani, ni kinyume chake kabisa. Thelathini na tano ndiyo jaribu tena, kumi na moja ndiyo mmekwamana.

Namba mbili, zimebadilishana viti. Moja inakwambia vumilia, nyingine inakwambia acha. Na Ukindu tunazipitisha hivyohivyo kwa mtumiaji, kama karani anayesukuma faili dirishani bila kulifungua.

Vicky akasema, "Si muyape majina tu?"

Ndicho ninachotaka kufanya.

Ijumaa, 8 Machi

Majina hadi sasa: HAIPO. IPO_TAYARI. PAMEJAA. JARIBU_TENA. MKWAMO. HURUHUSIWI. Ari amenipigia, tumebishana nusu saa kama HURUHUSIWI ni bora kuliko UMEKATAZWA. Yeye anasema umekatazwa ni kali zaidi. Nikamwambia kukatazwa kuna mtu aliyekukataza, kutoruhusiwa ni hali tu. Alicheka hadi akakohoa. Hakuna mtu mwingine Bongo nzima ambaye ningeweza kubishana naye hivyo.

Alhamisi, 14 Machi

Dada Sabaha, fundi cherehani wa kwenye baraza letu la chini, amenipunguzia gauni. Amefunga Ramadhani, lakini mdomo haujafunga. Anakaa bondeni Jangwani na ni mjumbe wa kamati ya mafuriko ya mtaa wao. Alinionyesha simu yake: "Maji kawaida. Maji kawaida. Maji yamepanda kidogo." Ujumbe unatoka kwenye vipima maji, vijisanduku vilivyofungwa kwenye nguzo kando ya mto.

"Mdogo wangu, kipimo hiki kinaniandikia kuliko mume wangu," alisema. "Zamani mvua ikinyesha siwezi kutoka, namwangalia mama. Sasa nakuja kazini. Simu ikikaa kimya najua kumetulia."

Sikumwambia kwamba vipimo hivyo vimeandikwa kwa Ukindu. Nilijisikia fahari tu, nikalipa nikapanda juu.

Jumamosi, 16 Machi

Nimekwenda Ilala kumwona Bakili, ndiye aliyetengeneza vipimo. Karakana yake imejaa waya na mabomba ya plastiki. Ni mtu wa kusini kama mimi, mpole, anakuita "dada" hata ukimpigia kelele. Lakini programu zake! Anaandika kama mtu anayefunga gunia kwa kamba yoyote aliyoiona karibu, mradi lisifunguke njiani. Nilitaka aniambie wapi Ukindu inamsumbua. Akasema haimsumbui. Nikaondoka nikijiambia kwamba watu wa aina yake ndio wanaoiharibia lugha jina.

Jumanne, 19 Machi

Kikao Upanga, kwa Ari. Nilipeleka majina yangu yote na maelezo. Alikuwepo pia Brightness, kutoka kampuni ya Duka Kiganjani, wanaotengeneza mashine za kuuzia madukani. Wao ndio watumiaji wetu wakubwa na wanangoja Toleo la Kwanza mwishoni mwa Aprili.

Brightness hakuzunguka. "Dada Hyasinta, kazi nzuri. Lakini programu zetu zote zinalinganisha namba. Ukiziondoa namba, tunaandika upya kila kitu. Hatuwezi."

"Mashine zenu zote ni za ukoo mmoja," nikasema. "Mkinunua za ukoo mwingine kesho?"

"Kesho tutajua kesho."

Nikamgeukia Ari. Nilijua atasema nini, kwa sababu mwaka juzi, tukiwa wawili kwenye sebule hiyohiyo, alisema lugha ambayo inamwachia mtumiaji mzigo wa kujua kompyuta ni ya ukoo gani siyo lugha, ni uvivu.

Akasema, "Hya, tuache Toleo la Pili."

"Ahadi inasema hatubadilishi kitu. Toleo la Pili litabadilisha nini?"

"Tutaongeza majina pembeni."

"Ari."

"Namba zinatoka kwenye mashine. Si sisi tuliozitunga. Kitabu cha maelekezo kinasema wazi mtu aangalie mashine yake."

Nilifunga laptop. Nimerudi kwa miguu kutoka Upanga mpaka Kariakoo na manyunyu yote, kwa hasira.

Jumapili, 24 Machi

Jumapili ya Matawi. Mvua. Sijaandika mstari.

Jumatano, 27 Machi

Namba zibaki wazi? Bado nasema hapana.

Jumanne, 2 Aprili

Nitaandika yote.

Mvua ilianza alfajiri na haikupumzika. Saa nne asubuhi nilishuka kununua maji, nikamkuta dada Sabaha anashona, simu yake ameiegemeza kwenye cherehani. Nikamuuliza huko kwao vipi. "Ujumbe wa mwisho maji kawaida," akasema, "toka hapo kimya." Aliendelea kukanyaga cherehani. Mtaa ulikuwa umeshageuka mfereji, wachukuzi walikuwa wanapita na mizigo kichwani, suruali zimekunjwa hadi magotini.

Simu ililia nikiwa bado nimesimama pale. Haikuwa ujumbe, ilikuwa jirani yake, Zamzam, na alikuwa anapiga kelele kiasi kwamba hata mimi nilisikia. Maji yameingia ndani. Yako usawa wa kitanda. Mlango umefungwa kwa nje.

Mama yake Sabaha amepooza upande mmoja. Hawezi kushuka kitandani mwenyewe. Sabaha humfungia ili watoto wa mtaani wasiingie kumsumbua.

Alikimbia, nami nikamfuata mbio. Barabara ya Jangwani ilikuwa imefungwa, polisi wanarudisha magari, tukapita pembeni. Tulipofika juu ya kwao niliona mabati tu, kuta zote zimemezwa na maji ya rangi ya chai ya maziwa. Sabaha alitaka kuingia, wanaume wawili wakamshika. Akawa anapigana nao. Ndipo Zamzam akatokea upande wa pili akipunga mkono. Walikuwa wameshavunja mlango, wakaung'oa, wakamlaza mama juu ya ubao huo huo na kumvuta kama mtumbwi mpaka kwenye ngazi za msikiti.

Alikuwa hai. Alikuwa ametapika maji, midomo imebadilika rangi, na mkono wake usiopooza umeshika ubao kwa nguvu kiasi kwamba walishindwa kumtoa. Sabaha alipiga magoti akawa anamwita tu, "Mama, mama, mama." Bajaji ikapatikana, wakampeleka hospitali.

Kabla hajapanda, Sabaha aliitoa simu kifuani akaitazama. Hakuna kitu. Akanionyesha mimi, kana kwamba mimi ningejua.

"Imeninyamazia," alisema.

Alhamisi, 4 Aprili

Kamati ya mafuriko imemwita Bakili. Nilikwenda, ingawa hakuna aliyenialika. Walimsimamisha katikati ya ua. Mzee mmoja akamwambia bora wangebaki na filimbi na debe, debe halidanganyi. Bakili alijibu jambo moja tu, tena na tena: "Nilikijaribu. Kila nilipokijaribu kilituma."

Nikamfuata karakana. Nikamwambia fungua programu, twende mstari kwa mstari. Haikuchukua muda. Iliandikwa hivi: ukituma ujumbe ukakataliwa, kosa likiwa 35, subiri kidogo, tuma tena, likiwa jingine lolote, zima.

"Hii thelathini na tano umeitoa wapi?"

"Nilijaribia kwenye laptop yangu hapa. Mtandao ukiwa mzito inarudisha thelathini na tano. Nikaona ndiyo hiyo."

Laptop yake ni ya ukoo wa pili. Aliinunua mkononi Mtaa wa Aggrey, anaipenda kama mtoto. Vijisanduku ni vya ukoo wa kwanza. Siku za kawaida mtandao ni mwepesi, ujumbe unakwenda mara moja, hakuna kosa. Juzi mvua imepiga, watu wote wako kwenye simu, mtandao umejaa, na kijisanduku kikaambiwa kumi na moja: sasa hivi siwezi, jaribu tena. Bakili alikifundisha kwamba hiyo ni sababu ya kuzima. Kikazima. Vyote vikazima, kimoja baada ya kingine, kwa utii kabisa, mto ukiwa unapanda.

Nilipomaliza kumweleza alikaa chini kwenye ndoo.

"Kwa hiyo ni mimi."

"Si wewe."

"Dada, niliandika mimi."

"Uliandika ulichoambiwa na lugha yetu. Lugha ilikuambia uongo."

Wiki tatu zilizopita nilimwona mzembe. Leo nimemwona mtu aliyejaribu kazi yake mara nyingi kuliko sisi tulivyojaribu ya kwetu.

Ijumaa, 5 Aprili

Nimemweleza Ari uso kwa uso. Alisikiliza yote, akafumba macho niliposema habari ya mlango. Akauliza mama anaendeleaje. Kisha akasema, taratibu, kwamba inasikitisha, lakini kitabu cha maelekezo kinasema.

"Kinasema kwenye maandishi ya chini ya ukurasa, Ari. Mimi ndiye niliyeyaandika. Nani anasoma kule?"

"Mtu anayefunga kifaa cha kuokoa maisha anatakiwa asome."

"Na mtu anayetengeneza lugha anatakiwa nini?"

Akafungua kalenda kwenye simu yake, akaiweka mezani kati yetu.

"Sisaini," nikasema. Kanuni tuliitunga wenyewe: maktaba haitoki bila sahihi ya mtunzaji wake. "Namba zikibaki wazi, Toleo la Kwanza halina sahihi yangu."

"Tumeshaahidi tarehe, Hya. Duka Kiganjani wakiondoka, watu wanne hapa wanaolipwa kwa fedha yao hawana kazi. Stella ana mtoto mchanga. Unalijua hilo?"

"Nalijua."

"Na bado?"

"Na bado."

Jumatano, 10 Aprili

Idd. Sabaha na mama yake wamehifadhiwa kwa ndugu yao Ilala, nikaenda kuwasalimu. Nilimwamkia bibi shikamoo, akaitika marahaba kwa sauti ya kukwaruza. Kifua bado kinambana. Pilau nikapewa sahani ya mlima. Tulipobaki wawili jikoni nikamweleza Sabaha kila kitu, kwamba Ukindu ni yetu, kwamba namba zimebadilishana viti.

Alikuwa anaosha vyombo. Hakugeuka. "Hilo la namba mlikuwa mnalijua?"

"Tulikuwa tunalijua. Nilitaka libadilishwe, wakasema baadaye."

"Wewe ukasemaje?"

"Nikakataa."

"Ukakataa," alisema, "ukarudi nyumbani."

Nimelibeba neno hilo njia nzima. Sitalibishia. Ila sirudi tena nyumbani kwa namna ile.

Jumatatu, 15 Aprili

Bakili na mimi tumeanza. Kila jina tunalipitisha kwenye mashine za koo zote mbili, na ya tatu mbovu tuliyoazimwa na fundi wa simu. Tunalilazimisha kosa litokee kweli: tunajaza diski mpaka pafurike, tunazifunga programu mbili zingojane, tunaubana mtandao mpaka upige kwikwi. Jina lisipotoka lilelile kwenye zote tatu, halipiti.

Bakili ndiye aliyegundua kwamba PAMEJAA nilikuwa nimelichanganya: diski kujaa ni jambo moja, kumbukumbu ya kompyuta kuisha ni jingine. Sasa ni majina mawili. Nilikasirika dakika moja, nikafurahi siku nzima.

Ijumaa, 19 Aprili

Tumevifunga vipimo upya bondeni, na ndani mna maktaba yangu ambayo haijatolewa. Ni marufuku. Kanuni inasema kazi isiyopitishwa haitoki nje ya kikundi, na kanuni hiyo nayo niliiunga mkono. Nimeivunja mchana kweupe, na kwenye ukurasa wa kikundi nimeandika: "Leo nimefunga maktaba isiyopitishwa kwenye vipimo vya Jangwani. Sababu mnaijua." Ari amesoma.

Jumatatu, 22 Aprili

Brightness amepanda ngazi za ghorofa zote nne mpaka kwangu, lifti imekufa tangu Februari. Nilimpa maji. Ni mtu wa heshima, sikutaka kumchukia na sijamchukia.

"Nimekuja na njia ya katikati," alisema. "Majina yako yawepo, na namba ziwepo. Anayetaka jina atumie jina. Anayetaka namba atumie namba."

"Bakili angetumia ipi?"

Alifikiri kweli. "Namba," akasema. "Ni fupi."

"Basi umenijibu."

"Dada, utaondolewa. Nakwambia kwa nia njema."

"Waniondoe. Majina wataniachia hapa?" Nikagusa kichwa. Akatabasamu bila kutaka, akashuka.

Jumamosi, 27 Aprili

Barua ya kikundi: kikao tarehe kumi na moja Mei, ajenda ni mtunza maktaba. Tarehe ya Toleo la Kwanza imesogezwa. Stella hajibu salamu zangu.

Jumapili, 28 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 4 Mei

Mvua kubwa imerudi, na imerudi kwa hasira kuliko ile ya kwanza. Mchana nilikuwa karakana kwa Bakili, tunaangalia kwenye kioo vipimo vinavyohangaika. JARIBU_TENA. JARIBU_TENA. JARIBU_TENA. Mistari ilikuwa inajaa jina hilo moja mpaka macho yakaanza kuniuma. Bakili alikuwa ameshika meza kwa mikono yote miwili. Kisha kimoja kikapenya: ujumbe umekwenda. Halafu cha pili, halafu vyote.

"Maji yanapanda haraka. Ondokeni sasa."

Tulikumbatiana, tukaruka kama watoto. Ndipo simu ya Sabaha ikaingia.

"Ujumbe umefika kwa wote," alisema. "Hawatoki."

"Hawatoki vipi?"

"Wanasema ni kile kisanduku cha uongo. Wengine wameshakifuta kwenye simu. Niko njiani naenda huko."

"Dada Sabaha, wewe una mtu gani tena kule?"

Alikuwa ameshakata.

Nikampigia Ari. Nilisema maneno matatu tu: njoo Jangwani sasa. Sikutegemea aje.

Sabaha alikuwa anapita mlango kwa mlango, maji yakiwa kwenye vifundo vya miguu. Hakubembeleza mtu. Aliinua simu mbele ya uso wa mwenye nyumba. "Mnanijua. Mama yangu mimi ndiye aliyeachwa na kitu hiki. Mimi nikikwambia leo kinasema kweli, wewe nani wa kubisha?" Yule mzee wa debe alibaki mlangoni amekunja mikono. Sabaha akaingia ndani kwake, akatoka na godoro lake kichwani, mzee ikabidi alifuate godoro lake. Nyuma yake mtaa mzima ukaanza kutoka.

Ari alikuja. Alikuja na viatu vya ngozi na shati jeupe, akasimama pale juu kama mtu aliyeteremka kituo siyo. Bakili alimpa mtungi wa gesi aubebe, akaubeba. Alirudi chini, akabeba televisheni ya mtu. Alirudi tena. Maji yalipofika usawa wa madirisha, hakukuwa na mtu hata mmoja ndani ya nyumba zile.

Tulikaa kwenye ngazi za msikiti, tumelowa sote. Ari aliuliza, "Ilijaribu mara ngapi kabla haijapenya?"

"Sikuhesabu," nikamwambia.

Akatikisa kichwa, akavua kiatu, akamwaga maji.

Jumanne, 7 Mei

Ari amekuja Kariakoo, mara ya kwanza tangu Machi. Hakuomba radhi, nami sikumwomba. Alitoa karatasi akachora.

"Namba haziwezi kufutika kabisa," alisema. "Kuna watu wanaotafuta ugonjwa wa mashine, wanazihitaji. Lakini tunaweza kuifunga namba pamoja na ukoo wake. Mtu akiiomba, anapewa vyote viwili, thelathini na tano ya ukoo fulani. Akijaribu kuilinganisha na namba tupu, lugha inakataa hata kabla programu haijaanza."

Nikaivuta ile karatasi kwangu. Ilikuwa nzuri kuliko yangu. Mimi nilitaka kuzifukia namba. Yeye amezivalisha nguo.

"Duka Kiganjani?" nikauliza.

"Mashine zao ni za ukoo mmoja. Wataandika ukoo wao mara moja juu ya programu, zilizobaki zitakwenda. Nimemweleza Brightness. Amenuna, lakini hakuondoka."

"Ungelifikiria Machi."

"Machi sikuwa nimebeba godoro la mtu."

"Ulibeba televisheni."

Tukacheka kidogo. Alipofika mlangoni akasema, "Kikao kipo palepale, Hya. Ulifunga kazi isiyopitishwa kwenye maisha ya watu. Ingekosea je?"

Ingeweza kukosea, nalijua. Ningefanya hivyohivyo.

Jumamosi, 11 Mei

Kikao. Sura ya makosa, majina yangu pamoja na koo za Ari: imepita, wote saba. Ajenda ya pili, mtunza maktaba: wanne kwa watatu, nimeondolewa. Stella alipiga kura ya kuniondoa, akalia, nikamshika bega. Ari naye aliinua mkono wa kuniondoa. Hakulia. Alinitazama machoni muda wote mkono ukiwa juu, na kwa hilo namheshimu.

Wakasema nikiandika barua ya kuomba radhi kwa kuvunja kanuni, nitarudishwa baada ya miezi sita. Nikasema barua hiyo siiandiki, sasa wala baada ya miezi sita. Mmoja akaniita mkaidi. Nikamwambia aandike kwenye muhtasari.

Athanas, kijana wa Songea asiyezidisha maneno kumi kwa mwezi, ndiye mtunzaji mpya. Aliniuliza kama nitamsaidia. Nikamwambia nitamsumbua, ambayo ni zaidi.

Jumatatu, 20 Mei

Toleo la Kwanza limetoka leo. Jina langu limo kwenye orodha ya waliochangia, katikati, kwa mpangilio wa alfabeti. Nimelisoma mara mbili, nikashuka kula supu.

Ijumaa, 24 Mei

Sabaha amerudi barazani, ana cherehani nyingine ya kukodi. Bibi anakaa naye hapahapa mchana, kwenye kiti cha plastiki, anawatukana wapita njia wanaokanyaga vitambaa. Nimemwamkia, akanipa tusi langu kabla ya marahaba.

Jumamosi, 1 Juni

Jua limewaka wiki nzima na Mtaa wa Sikukuu unanuka vumbi tena.

Asubuhi nimepata ujumbe kutoka kwa mtu nisiyemjua, anaitwa Eliasi, yuko Mtwara, anatengeneza mashine ya kupimia korosho. Amekutana na kosa ambalo halina jina kwenye orodha yetu: kifaa kimechomolewa katikati ya kazi. Ukindu inamwambia LISILOJULIKANA. Ameandika kwa adabu sana, anauliza kama anakosea yeye.

Nimemjibu kwamba hakosei yeye.

Kisha nimekaa, nikafungua ukurasa wa mapendekezo, ule ambao mtu yeyote duniani anaweza kuandika na kikundi kinalazimika kusoma na kujibu kwa hoja. Sina tena funguo za maktaba. Sina sahihi ya kuinyima wala kuitoa. Nimeandika KIMECHOMOLEWA, nikaeleza, nikaambatanisha majaribio ya mashine tatu ambayo Bakili ameyamaliza mchana huu huku mikono imejaa gundi. Mahali pa jina la mpendekezaji nimejaza Hyasinta Ndunguru, na mahali pa cheo nimeandika: mtumiaji.

Jioni Ari amenipigia.

"Limefika," alisema. "Kuchomolewa kuna mtu aliyekichomoa. Kwa nini isiwe KIMETOKA?"

"Kaa kitako," nikamwambia, nikavuta kiti dirishani. "Una muda?"